Sanduku la Umeme

Ubishi ulikuwa juu ya kipande kimoja tu. Vingine vyote Charlène alikuwa amekwisha kuvichagua, na baba yake, Byamungu, hakuwa na neno kwa sababu hakuvijua. Lakini hiki cha mwisho kilikuwa cha umeme, na Byamungu aliamini kwamba umeme anaujua.

Charlène alikuwa amepiga magoti mkekani. Mbele yake alikuwa amepanga vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja kikishika nafasi ya kifaa cha kompyuta ambacho bado hakijanunuliwa.

"Papa, sikiliza. Processeur na carte mère tunakamata ya zamani, haina mubaya. Mémoire, ya zamani. Carte graphique, ile ya kuonyesha picha, tunakamata ya occasion, ya yule étudiant wa Area 36. Boîtier, ile ganda ya inje, Gélase alishatupatia ya bure. Lakini alimentation, ile sanduku ya umeme, hapana. Ile tunanunua mupya, na ya ile jina nilikuandikia."

"Juu ya nini ile moja? Ile haionyeshake hata picha."

"Njo inapokeaka courant na kugawanyia bengine bote. Ikikuwa mubaya, inaua bote."

"Ni sawa na papa wa nyumba," mama yake, Rosette, alisema kutoka mlangoni, ungo wa maharage mapajani.

Byamungu alicheka, na binti yake akacheka. Siku ile walikuwa bado wanacheka.

Mashine waliyoipanga ilikuwa ya michezo. Vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walikuwa wanalipa kwenye vibanda ili wacheze mpira kwenye televisheni za zamani, na mchezo mpya, ule ambao wachezaji wanatoka jasho na nyasi zinaonekana jani kwa jani, hakuna kibanda kilichokuwa nao. Ulitaka kompyuta yenye nguvu. Kompyuta kama hiyo ikinunuliwa nzima dukani, bei yake ingelisha nyumba mwaka. Charlène alisema ataijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, na ataiweka chumba cha mbele, pembeni ya cherehani ya baba yake.

Hakuna aliyemcheka. Tangu amalize sekondari alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda cha Gélase, Mrundi mmoja mpole asiyependa kusema, na watu walitoka mpaka upande wa pili wa kambi wakimuulizia kwa jina. Wengine walikuwa wanamwambia Gélase mbele yake, "Hapana wewe, nampatia yule binti." Gélase hakukasirika. Alimsogezea kiti.

*

Fedha zilitoka kwenye likirimba. Kila mwezi kinamama wa kanisa walileta kila mmoja sehemu yake, na mmoja wao akachukua zote. Oktoba ile haikuwa zamu ya Rosette. Ilikuwa zamu ya Goreth, mjane Mrundi kutoka Ruyigi aliyeuza mandazi karibu na kisima, na kila mtu alijua Goreth anangojea nini. Nyumba yake ilikuwa imefunikwa kwa plastiki, na plastiki ilikuwa imechoka.

Rosette alikwenda kwake akiwa amevaa kitenge cha ibada, ili ombi liwe na heshima.

"Zamu yangu ni ya mwezi wa tatu, Mama Goreth. Nakuomba tubadilishane. Lakini hautangoja mwezi wa tatu. Mashine ikianza, kila juma nitakuletea bati. Mvua itakuta ulishaezeka."

Goreth alikuwa anakanda unga. Aliugeuza, akaukanda tena.

"Nilikuwa nimeyahesabu hayo mabati mpaka usingizini," alisema mwishowe. "Hii plastiki usiku inapiga kelele kama mtu anayepasua karatasi. Lakini chukua, Mama Charlène. Yule mtoto alinitengenezea simu, nikamuuliza ni ngapi, akasema nitaona siku nyingine. Hiyo siku nyingine hakuileta tena."

Akafunga mandazi manne ndani ya gazeti, akampa Rosette aende nayo.

*

Mtu wa Dzaleka haendi Lilongwe kwa kupenda. Anatafuta ruhusa, na ruhusa inataka sababu, nayo inaandikwa ya siku moja. Charlène, aliyejua vifaa, hakuwa na sababu ambayo ofisi ingeikubali. Byamungu alikuwa nayo. Alikuwa na miadi ya macho katika hospitali ya mjini.

Majirani waliambiwa kwamba anakwenda kwa ajili ya tension, shinikizo la damu. Hakuna mtu anayemnyang'anya fundi kitambaa kwa sababu ya tension, na kitambaa cha kwaya nzima, cha bluu, kilikuwa mezani kwa Byamungu kikingoja kukatwa. Ndani ya nyumba walijua kwamba jicho la kushoto lina ukungu. La kulia, alisema, ni zima. Rosette na Charlène walimwamini. Wote wawili walikuwa wanaona jinsi siku hizi anavyotafuta ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba, lakini fundi mzuri anatafuta hivyo pia, na walijiambia hivyo.

"Macho kwanza," Rosette alimwambia asubuhi ile, akimfunga kifungo cha shati. "Nyuma ya macho njo uende kwa bintu."

"Macho niko nayo," Byamungu alijibu. "Bintu njo bado."

Charlène alimpa kipande cha karatasi ngumu chenye jina la lile sanduku la umeme, limeandikwa kwa herufi kubwa. "Ukifika, unipigie. Unisomee jina kwa ile boîte. Usiache bakuharakishe."

"Nilinunuaka machine à coudre mbele we uzaliwe," baba yake alisema, mkono juu ya cherehani. Akapanda kabaza, mifuko miwili mitupu chini ya kwapa, akamwambia kijana wa baiskeli aende polepole kwenye mashimo.

*

Yule mwanafunzi wa Area 36, mtaa wa Lilongwe, alikuwa mtoto mwema. Alimkuta Byamungu amesimama mbele ya nyumba ya jirani, akigonga mlango usiofunguka, akamshika mkono akampeleka ndani. Alimpa kiti na maji. Aliiwasha carte graphique kwenye mashine yake mwenyewe ili mzee aone inafanya kazi, na Byamungu akatikisa kichwa mbele ya rangi zilizokuwa zinacheza, akishukuru kwa Chichewa, "Zikomo, zikomo." Kisha kijana akaifunga ndani ya taulo lake, akakataa kulirudisha.

"Njia ni mbovu," alisema. "Itagongwa. Taulo nitapata lingine."

Yote hayo yalichukua muda, na jua lilikuwa limepanda Byamungu alipofika kwenye duka la mjini. Lilikuwa duka jembamba lenye kaunta ya kioo, na watu walikuwa wamepanga mstari mpaka nje. Alipofikiwa, akatoa karatasi ya Charlène. Muuzaji aliitazama, akaweka masanduku mawili juu ya kioo.

"Hii ndiyo ya kwenye karatasi yako," alisema kwa Kiingereza. "Elfu tisini. Na hii ni elfu hamsini na tano. Nguvu ni zilezile, wati mia tano na wati mia tano. Chagua."

"Nguvu ile ile?"

"Imeandikwa. Soma mwenyewe."

Byamungu alichukua sanduku la kwanza akalileta karibu na uso. Aliona weupe, na katikati ya weupe kitu cheusi kilichotambaa kama sisimizi. Akaligeuza kidogo kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Alitulia, midomo ikichezacheza, kama mtu anayesoma.

"Mzee," muuzaji alisema, "umelishika juu chini."

Mstari ulicheka. Mtu mmoja nyuma akasema kitu kwa Chichewa chenye neno Congo ndani yake, na wakacheka tena. Byamungu akaligeuza sanduku.

Simu yake ikalia. Ilikuwa simu ya vitufe, isiyoweza kutuma picha.

"Papa, ulishafika? Unisomee jina. Herufi kwa herufi."

Muuzaji alikuwa anamtazama. Wale wa mstari walikuwa wamenyamaza ili wasikie. Mtu mzima, fundi aliyewahi kuwa na wanafunzi watatu chini yake, angesimamaje pale na kumwambia mtoto wake kwamba haoni kitu?

"Njo hiyo," alisema. "Niko nayo mu mukono."

"Ulisoma?"

"Nilisoma." Akakata simu.

Kulikuwa na mwanamke kijana akipanga nyaya kwenye rafu. Alimsogelea upande wa kaunta ambapo muuzaji hakusikia vizuri, akagusa sanduku la elfu tisini kwa ncha ya kidole.

"Agogo," alisema taratibu, "iyi ndi yabwino."

Byamungu alielewa. Alikuwa amekaa Malawi vya kutosha kujua kwamba anaambiwa hili ndilo zuri, na kwamba ameitwa babu. Lakini alipokuwa ametoka kuchekwa, hata sauti ya huruma aliisikia kama ya biashara. Wanataka nichukue la bei kubwa, aliwaza. Wameona ni mzee.

Basi akafanya kama alivyofundishwa Bukavu, alipokuwa kijana anayenunua mkasi wake wa kwanza. Mkasi unapimwa kwa mkono. Pasi inapimwa kwa mkono. Kichwa cha cherehani kikiwa chepesi, ndani yake kuna bati na hasara. Kikiwa kizito, utakirithisha mtoto. Akatoa kila kifaa kwenye boksi lake, akakiweka kwenye kiganja, akafumba macho kama alivyozoea. Lile la elfu tisini lilikuwa jepesi. La hamsini na tano lilimvuta mkono chini.

"Hii," alisema kwa sauti, ili mstari mzima usikie.

"Mzee anajua," muuzaji alisema, akaanza kufunga.

Mwanamke wa nyaya alirudi kwenye rafu yake.

Nje, jua lilikuwa utosini. Hospitali ilikuwa inapokea watu wa macho asubuhi tu, na Byamungu alijua watamwambia nini: arudi, apangiwe siku nyingine, aombe ruhusa nyingine. Alisimama muda mfupi na mifuko yake. Kisha akaenda upande wa mabasi. Kwa fedha zilizobaki juu ya lile sanduku alinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, sukari, na chupa ya mafuta ya kupikia, akarudi nyumbani kama mtu aliyeshinda.

*

Walikula vizuri siku ile. Rosette alikaanga ndagala na nyanya, akasonga ugali laini, akampelekea Goreth sahani iliyofunikwa.

"Daktari alisema nini?" aliuliza aliporudi.

"Alisema tungoje," Byamungu alijibu.

Charlène alikuwa anatoa vifaa kwenye mifuko. Alifungua taulo la mwanafunzi akatabasamu. Alipofika kwenye boksi la umeme, tabasamu likasimama.

"Papa, hii haiko ile."

"Njo ile. Ni jina mupya. Muuzaji alinielezea. Nguvu ni ile ile, na ni nzito kuliko ile ya kwako. Ile ya kwako ilikuwa nyepesi sawa boîte ya biatu!"

"Lakini uliona haiko jina moja?"

"Niliona. Nilichagua. Na hii chakula unakula, inatoka wapi? Inatoka mule."

Rosette alikuwa anacheka kwa sababu mume wake anacheka. Kwa muda mrefu hayakuwa yamepita mezani pao mafuta mengi namna ile. Charlène alilipima lile sanduku mkononi, na kweli lilikuwa zito, naye akawaza kwamba labda ndani kuna shaba nyingi. Aliwaza pia kwamba ruhusa imekwisha, na fedha zimekwisha, na kwamba akisema zaidi ndagala watawakwama wote kooni. Akaenda kutafuta bisibisi.

Siku mbili alijenga. Gélase alikuja kumshikia taa ya mkononi, bila kusema kitu, na alipoona kila waya umelala mahali pake alisema, "Muzuri," na kwa Gélase hiyo ilikuwa hotuba. Walipoiwasha, feni zikazunguka, na kioo kikawaka. Rosette alipiga vigelegele. Charlène aliijaribu kwa michezo midogo, dakika chache chache, akiweka kiganja juu ya chuma kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa ya vuguvugu tu.

Jumamosi wakafungua. Vijana walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa juu ya meza ya kukatia, na Byamungu akakiondoa kitambaa cha kwaya akakikumbatia. Mchezo mpya ulianza. Nyasi zilionekana jani kwa jani.

"Eeh! Tazama jasho!"

"Pasia! Pasia, we mujinga!"

"Mama Charlène, tuletee hata chai, hapa ni Ulaya!"

Rosette alikuwa amesimama mlangoni akipokea noti na kuziweka kifuani. Goreth alipita na beseni la mandazi kichwani, akasimama, akachungulia, akacheka na vijana bila kuelewa wanacheza nini. "Inazaa?" aliuliza.

"Inazaa!" Rosette akajibu. "Bati yako ya kwanza ni Jumatatu!"

Joto la Oktoba lilikuwa limebana chumba. Mechi ya saba ilikuwa katikati Charlène aliposikia harufu ya kuungua. Aliruka kuelekea ukutani, mkono umenyooka kwenye plagi, na kabla hajaifikia, kitu ndani ya sanduku kikapiga kama jiwe juu ya bati. Kioo kikazima. Moshi mweupe ukatoka nyuma ya mashine, kidogo tu, ukapanda polepole kwenda darini.

"Basi turudishieni," kijana mmoja alisema. "Nilikuwa nashinda."

*

Siku ya pili, Rosette akiwa kanisani, Charlène alifungua lile sanduku kwa bisibisi. Baba yake alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona.

Carte mère, kibao kinachobeba vifaa vyote, ilikuwa imekufa. Carte graphique ya mwanafunzi ilikuwa imekufa, na nyuma yake kulikuwa na doa jeusi. Alikuwa amekwisha kuvijaribu kwenye kibanda cha Gélase, kimoja kimoja, na Gélase alikuwa amekaa pembeni akitazama chini. Sasa alitaka kujua kwa nini.

Kifuniko kilitoka. Ndani kulikuwa na waya chache nyembamba na kibao kidogo kilichoungua. Nafasi iliyobaki ilijazwa na tofali la saruji, limebandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa chuma.

Charlène alilitoa. Alisimama akaenda akaliweka kwenye kiganja cha baba yake.

Byamungu alilipapasa. Vidole vyake vilijua mara moja, kabla yeye mwenyewe hajataka kujua.

"Ni nini?" aliuliza hata hivyo.

"Ni béton, papa. Njo ile uzito."

Alikaa nalo.

"Ile siku mu duka," Charlène alisema, "ulisoma jina? Uniambie tu. Sitakasirika."

"Nilishika ile boîte kichwa chini. Walinicheka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuonaka kitu, Charlène. Jicho ya kuume nayo ilishaenda. Tangu wakati ya Pasaka."

"Na daktari?"

"Hospitali sikufika."

Nje, wanakwaya walikuwa wanapita wakirudi kutoka ibadani, wakisalimu kwa sauti. "Papa Byamungu! Uniforme zinaendelea?"

"Zinaendelea!" alijibu, na uso wake ukageukia mlango kwa furaha ambayo haikuwamo ndani yake. Kisha uso ukarudi. "Usimwambie mama yako. Mama yako akijua, atalia, na akilia kanisa yote itajua. Na bakijua, hii kitambaa wanaikamata leo. Hiyo njo inabakia tutakula, binti yangu. Nitakata kwa mukono. Mukono ingali inaona."

Charlène alikuwa anatazama kile kitambaa cha bluu. Alijua nani amekuwa akishona matundu ya vifungo na kunyoosha mistari iliyopinda: mama yake, jioni, akidhani anasaidia tu. Nyumba moja haiwezi kupoteza majina mawili kwa wakati mmoja. Alitazama mikono yake, kisha ya baba yake, akapima.

"Nitasema ni mi," alisema. "Nitasema niliunganisha waya mubaya."

Alingoja akatazwe.

"Mungu akubariki," Byamungu alisema.

*

Mvua ya kwanza ilikuja mapema, usiku wa Alhamisi, na plastiki ya Goreth haikufika asubuhi. Jumapili kinamama wa likirimba walikutana nyumbani kwa Rosette badala ya kanisani, na wote walielewa kwa nini. Walikaa kwenye mabenchi yale yale waliyokalia vijana. Ernestine, mkubwa wa likirimba, ambaye pia ndiye aliyeshughulikia sare za kwaya, alikaa karibu na meza ya kukatia.

"Hatukuya kugombana," alisema. "Tunataka tu kusikia. Mama Charlène alikamata zamu ya mwenzake. Mwenzake analala mu maji. Ilikuwa namna gani?"

Rosette alijaribu kuanza, akashindwa, akamwonyesha binti yake kwa kidevu. Hakuwa amesema naye vizuri tangu ile Jumamosi. Jana alikuwa amemwondolea mkononi hata redio aliyotaka kuitengeneza.

Charlène alisimama.

"Kosa ni ya kwangu. Bintu bilikuwa bizuri. Papa alinunua vile nilimwambia. Mi njo niliunganisha mubaya. Naomba pardon kwa Mama Goreth, na kwa bamama bote."

"Lakini si mulituambia yee njo fundi?" Darlène, mwanamke wa sambusa, aliuliza chumba kizima. "Na telefone yangu iko naye! Kesho asubuhi nakuya kuikamata."

"Hata ya kwangu."

"Mi nilisemaka. Bufundi bwa ku telefone haiko bufundi."

Mtu akacheka kidogo, akajificha nyuma ya kitenge. Charlène aliendelea kusimama. Gélase alikuwa amemwambia juzi, kwa aibu, kwamba labda apumzike kibandani mpaka watu wasahau. Alimpa nauli ya kabaza ingawa kutoka pale kwenda kwao ni mwendo wa miguu.

"Tumesikia," Ernestine alisema. "Papa Charlène, we njo kichwa ya nyumba. Uko na neno?"

Byamungu alisimama nyuma ya cherehani. Charlène alimgeukia. Hakuwa amepanga kutumaini kitu, lakini alipomwona baba yake anajiweka sawa shati na kupumua, alitumaini. Na yeye Byamungu alikuwa na neno lile tayari. Alikuwa amelala nalo, ameamka nalo, na lilikuwa fupi: hapana, ni mimi. Midomo yake ikafunguka.

Ernestine, akingoja, alikuwa ameweka mkono juu ya kitambaa cha bluu, akikipapasa bila kuwaza, kama mtu anavyopapasa kitu chake.

"Bamama," Byamungu alisema, "nabaomba, tumusamehe. Yee angali mutoto."

"Amina," kinamama wakasema.

"Mutoto anakosaka," aliongeza. "Hata sisi tulikosaka."

"Amina."

Rosette alikuwa analia. Ernestine alisema kwamba nyumba yenye baba wa namna ile, yenye moyo wa kusamehe, Mungu hataiacha, na wengine wakaitikia tena. Charlène alikuwa bado amesimama. Hakujua kama amemaliza, wala mahali pake palikuwa wapi, maana benchi lilikuwa limejaa.

Goreth peke yake hakuwa amesema amina. Alikuwa anamtazama Byamungu, ambaye alikuwa anatafuta kiti chake kwa mkono, akakikosa mara moja, akakipata. Alimtazama muda kiasi. Kisha akasogea kwenye benchi mpaka akabana na mwenzake, akamshika Charlène kiganja, akamvuta chini.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema.

Charlène akakaa. Kitenge cha Goreth kilikuwa bado kibichi begani.